Wasomaji Wanauliza: Kiti cha Wadi na Mali ya Umma

Barua tulizopokea kutoka Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya zinafanana sana: kuna uwanja, soko au josho la kuogeshea ng'ombe ambalo watu wamelitumia miaka na miaka, na sasa mtu ameonekana akipima ardhi na kuweka bikoni, yaani alama za mipaka. Wengine wanataka kuwania kiti ili wazuie. Tumechagua barua nne ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya umma. Nataka kuwania uwakilishi wadi mwaka 2027 bila chama, hasa kwa sababu ya uwanja wetu wa mpira ambao kila baada ya uchaguzi humegwa kidogo. Je, nahitaji shahada? Nianzie wapi?
*Mwalimu, Manyatta, Kisumu*

JIBU: Shahada huhitaji. Mahakama Kuu iliondoa sharti hilo kwa wawakilishi wadi mwaka 2021, na uchaguzi wa 2022 ulifanyika bila hilo. Kinachowaangusha wengi ni tarehe.

Uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Wewe ni mtumishi wa umma, kwa hiyo Sheria ya Uchaguzi inakutaka uwe umejiuzulu angalau miezi 6 kabla ya siku hiyo. Hesabu mpaka tarehe 9 Februari 2027 na usikae ukingoni. Peleka barua Januari, nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Likizo bila malipo si kujiuzulu.

Mgombea huru hatakiwi kuwa mwanachama wa chama chochote katika miezi 3 kabla ya siku ya kura. Ingia kwenye huduma ya Msajili wa Vyama vya Siasa kupitia eCitizen uangalie jina lako, hata kama hujawahi kujiunga na chama. Watu wengi wamejikuta wameandikishwa bila habari. Ukikuta jina lako humo, jiuzulu uanachama mapema na uhifadhi ushahidi.

Kisha tafuta wapigakura 500 wa kukuunga mkono. Hapa ndipo kazi ilipo. Kila mmoja awe amesajiliwa kupiga kura katika wadi hiyohiyo unayoiwania, na asiwe mwanachama wa chama. Jirani anayelala Manyatta lakini kura yake iko kwao Siaya hahesabiki. Kusanya majina 750 au 800, maana katika kuhakiki mengi hutolewa: nambari ya kitambulisho imekosewa, sahihi hailingani, mtu ni mwanachama wa chama bila kujua. Mpe kila msaidizi karatasi yenye safu za jina kamili, nambari ya kitambulisho, kituo cha kura na sahihi, kisha majina yachapwe kwenye kompyuta jioni hiyohiyo wakati mwenye mwandiko bado yupo wa kuulizwa. Ada ya uteuzi mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000, na 2,500 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utajaza pia fomu ya maadili chini ya Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, na alama yako ya uchaguzi lazima iidhinishwe na tume ya uchaguzi, IEBC.

Kuhusu uwanja, usisubiri kiti. Nambari ya kipande cha ardhi unaweza kuipata sasa, ukiwa raia wa kawaida, na jinsi ya kuitafuta tumeieleza katika jibu la Luanda hapa chini. Mgombea anayezungumzia uwanja bila nambari hiyo hujibiwa na afisa wa ardhi kwa sentensi moja, na hapo hoja yake huishia.

SWALI: Tumesikia soko letu litapewa mwekezaji kwa miaka 30. Kaunti inasema soko halijauzwa. MCA wetu, yaani mwakilishi wadi, anasema hana uwezo. Nani anasema kweli?
*Mama mboga, Nakuru*

JIBU: Mama, inawezekana kila mmoja anasema sehemu ya kweli na soko likawapotea vilevile. Kukodisha kwa miaka 30 si kuuza, lakini kwa mwenye kibanda tofauti ni ndogo sana. Kwa hiyo acheni kuuliza kama limeuzwa. Ulizeni: ni mkataba wa aina gani, wa miaka mingapi, ada za vibanda zitapangwa na nani, na mkataba ukivunjwa majengo yatabaki kwa nani?

Aina ya mkataba ina uzito kwa sababu inaamua sheria itakayotumika. Ardhi ya umma ya kaunti imeshikwa na serikali ya kaunti kwa dhamana ya wakazi, na husimamiwa kwa niaba yao na Tume ya Taifa ya Ardhi, NLC. Hivyo ndivyo Kifungu cha 62 cha Katiba kinavyosema. Gavana hawezi kuigawa kwa barua yake mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka NLC itoe notisi kwa umma angalau siku 30 kabla ya kugawa, na inataja njia zinazokubalika, kama mnada wa hadhara au zabuni ya wazi. Lakini ikiwa ardhi inabaki kwa kaunti na mwekezaji anapewa kazi ya kuendesha soko tu, basi mnauliza habari za zabuni chini ya Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015. Mara nyingi maafisa huruka kutoka sheria moja hadi nyingine ili kukwepa masharti ya zote mbili. Waulizeni kwa maandishi wanafuata ipi.

MCA wenu hana ufunguo wa soko, hilo ni kweli. Sheria ya Serikali za Kaunti inamkataza kuingilia kazi za utendaji. Lakini kusema hana uwezo si sahihi. Kifungu cha 195 cha Katiba kinaipa kamati ya bunge la kaunti mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kumwita mtu yeyote na kumlazimisha alete hati. MCA anaweza kudai taarifa rasmi bungeni kutoka kwa mwenyekiti wa kamati husika, na kamati ikamwita afisa mkuu aje na hati ya ardhi, ripoti ya thamani na rasimu ya mkataba. Mwambieni afanye hivyo, kisha nendeni mkae kwenye ukumbi wa wageni siku ya kikao. Vikao ni vya wazi.

Nyinyi wenyewe mna njia mbili zisizomhitaji yeye. Ya kwanza ni barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Iandikeni kwa Kiswahili, sheria inaruhusu, na hamlazimiki kueleza mnataka habari hizo kwa nini. Tajeni hati moja moja. Barua inayosema "tunataka habari zote za soko" hujibiwa kwa kurasa mbili za maneno matupu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza siku 14 mara moja tu. Ikinyamaza au ikikataa, mna siku 30 za kupeleka ombi la mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Ya pili ni ombi rasmi kwa bunge la kaunti, linalopelekwa kwa karani. Maombi mengi huanguka kwa makosa madogo. Eleza mmeshaomba ofisi gani msaada na ilijibu nini. Sema kama jambo liko mahakamani au la. Kila ukurasa wa sahihi ubebe mada ya ombi juu yake, la sivyo mtu atadai sahihi zilikusanywa kwa ajili ya jambo jingine. Na mwishoni mtaje mnachotaka bunge lifanye. Kulalamika bila kuomba kitu kunaiacha kamati bila la kuamua.

Kabla ya kuandika ombi, someni ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti yenu, inayopatikana bure kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Ardhi isiyo na hati miliki na rejista ya mali isiyokamilika ni hoja zinazojirudia katika kaunti nyingi. Kama soko lenu limetajwa, nukuuni aya hiyo neno kwa neno. Kamati inaweza kumpuuza muuza sukuma, jambo linalotuuma sana, lakini humjibu mkaguzi.

SWALI: Babu yetu alitoa kipande cha shamba kijengwe josho la ng'ombe miaka ya sitini. Josho limekufa. Sasa binamu anataka kulima pale, na mzee mmoja anasema ni lake. Wengine tunataka pajengwe zahanati. Tufanyeje?
*Wajukuu, Luanda, Vihiga*

JIBU: Majosho ndiyo mali ya umma inayopotea kwa urahisi zaidi Magharibi: vipande vidogo, vya robo au nusu ekari, ambavyo havilindwi na mtu tangu dawa ya kuogesha ilipokwisha. Msigombane kwanza. Fanyeni sachi, yaani mtafute kumbukumbu za kipande hicho kwenye rejista ya ardhi.

Nendeni ofisi ya ardhi mkiwa na nambari ya shamba la babu na nambari za mashamba yanayopakana nalo. Nunueni ramani ya eneo hilo inayoonyesha vipande na nambari zake, mtafute mahali josho lilipo. Ikiwa kipande hicho kina nambari yake, ombeni sachi rasmi ya nambari hiyo na pia mwone kadi ya kijani ya rejista, kwa sababu sachi huonyesha mwenye ardhi leo ilhali kadi huonyesha kila aliyepita. Mkikuta jina la Baraza la Kaunti la Kakamega msishangae. Vihiga ilikuwa sehemu ya Kakamega hadi 1990. Hiyo ni habari njema. Maana yake ni kwamba kipande kilitengwa kwa umma wakati wa upimaji, na sasa kinapaswa kuwa chini ya kaunti. Iandikieni kaunti ibadilishe jina, ikiingize kwenye rejista ya mali na kutuma mpima. Linganisheni ukubwa ulioandikwa na ulio ardhini: ekari moja ni kama hekta 0.405, kwa hiyo nusu ekari iwe karibu hekta 0.2. Ikipungua sana, kuna ua uliosogezwa.

Lakini kama josho liko ndani ya nambari ya babu, basi zawadi yake haikukamilika kwenye karatasi, na kisheria kipande bado ni sehemu ya mali yake. Kwa kuwa amefariki, hakuna awezaye kukihamisha, hata mkikubaliana wote, mpaka mirathi ifunguliwe. Pateni barua ya chifu inayoorodhesha warithi wote, mabinti wakiwemo; kuwaacha mabinti ndiko kunakovunja mirathi nyingi baadaye. Fungueni kesi, notisi itoke kwenye Gazeti Rasmi na watu wapewe siku 30 za kupinga. Miezi 6 baada ya hati ya usimamizi kutolewa, ombeni mahakama ithibitishe mgawanyo. Katika orodha ya mgawanyo huo andikeni kipande cha josho waziwazi, na ukubwa wake, kwamba kinakwenda kwa Serikali ya Kaunti ya Vihiga kwa ajili ya zahanati. Binamu akipinga, apinge hapo mbele ya hakimu na si kwa jembe.

Baada ya uthibitisho, mpima aliyeidhinishwa hugawa shamba, msimamizi wa mirathi hutia sahihi fomu za mgawanyo na uhamisho, bodi ya ardhi hutoa kibali pale kinapohitajika, na hati mpya hutoka. Ombeni kaunti ilipie mpima, maana mali inakuwa yake. Ombi hilo lifike kabla ya mpango wa maendeleo wa mwaka kuwasilishwa bungeni tarehe 1 Septemba, na mfuatilie tena makadirio ya bajeti yanayofika bungeni ifikapo 30 Aprili. Mkichelewa, mtasubiri mwaka mzima.

Msikubali kipande kiandikwe kwa jina la mwenyekiti wa kamati ya zahanati, hata akiwa mtu mwema kiasi gani. Atakapofariki, watoto wake watakikuta kwenye orodha ya mali yake, nanyi mtarudi mahali mlipo leo.

SWALI: Uwanja wa watoto una hati ya mtu binafsi. Mwenyewe anasema alinunua kwa haki na amekaa zaidi ya miaka 12. Tumeshachelewa?
*Msomaji, Kakamega*

JIBU: La. Ile miaka 12 ya kukaa kwenye ardhi ya mwingine haihesabiwi dhidi ya ardhi ya umma. Sheria ya Ukomo wa Mashauri inaitenga. Kifungu cha 40(6) cha Katiba hakilindi mali iliyothibitishwa kupatikana kinyume cha sheria. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, iliamua kwamba mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hati yake ikiwa ardhi ilikuwa ya umma na ugawaji wa kwanza haukufuata sheria.

Kwa hiyo kazi yenu ni kuthibitisha mwanzo wa hati. Tafuteni mpango wa zamani wa mji au wa mtaa unaoonyesha mahali hapo kama uwanja, barua ya ugawaji ya kwanza na kadi ya kijani. Pelekeni nakala kwa tume ya maadili na kupambana na ufisadi, EACC, ambayo ina ofisi Bungoma na Kisumu na ina mamlaka ya kwenda mahakamani kurejesha mali ya umma. Mwombeni msajili wa ardhi aweke kizuizi kwenye rejista ili uwanja usiuzwe tena wakati mnaendelea. Ujenzi ukianza, usisubiri uchunguzi. Ulizeni kaunti kama kuna kibali cha ujenzi. Kama kipo, mna siku 14 tangu uamuzi utolewe kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi (Liaison Committee), na kama hakipo, kaunti inapaswa kutoa agizo la kusimamisha kazi. Wakili akiwepo, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapo Kakamega na inaweza kutoa amri ya muda kabla kesi haijasikilizwa. Pigeni picha za uwanja zenye tarehe leo, kabla ya lori la kwanza la mawe.