Unapangisha kwa mara ya kwanza? Soma yaliyonikuta Tabata

Mleta uzi, umesema umemaliza sakafu ya juu kule Kinyerezi, vyumba viwili na sebule, na dalali ameshakuletea mtu mwenye kodi ya miezi sita mkononi. Unauliza uangalie nini kabla hujapokea hela. Kwanza hongera, kujenga Dar siyo mchezo. Mimi napangisha apatimenti ya juu Tabata tangu 2016. Wamepita wapangaji wanne, na wa kwanza alihama usiku na kirikuu, kile kigari cha mizigo.

Hiyo hela ya miezi sita ndiyo iliyonipumbaza. Noti ziko mezani, nimedaiwa na fundi wa madirisha, nani atauliza maswali? Nikatoa funguo siku ileile. Kitambulisho sikuona, anakofanya kazi nilitajiwa na dalali. Miezi sita ikaisha vizuri kabisa, wa saba zikaanza hadithi: mshahara umechelewa, kuna msiba Songea, wiki ijayo mzee. Ikafika miezi minne. Mke wangu akasema weka kufuli, na kufuli nikanunua.

Kilichoniokoa ni mwenyekiti wa mtaa. Nilipita kwake kumpa taarifa tu, akaniambia, "Ukifunga huo mlango, kesho yeye ndiye mlalamikaji. Atasema ndani kulikuwa na milioni tano, utabishaje?" Akanielekeza niandike notisi, ipokelewe kwa sahihi, tukae ofisini kwake, tukishindwana niende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tukakaa. Jamaa akasaini kulipa kidogo kidogo, akalipa mwezi mmoja, halafu Jumapili moja alfajiri nikakuta mlango wazi. Hata pazia la bafuni kaondoka nalo. Akaniachia ankara ya maji ya 180,000, na jina kwenye ankara hiyo ni langu, siyo lake.

Kwa hiyo siku hizi nachukua nakala ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, namba za ndugu wawili, na nazungumza na mwenye nyumba alikotoka. Namba ya huyo mwenye nyumba usipewe na dalali. Sina ugomvi na madalali, wanatuletea watu, ila dalali anatafuta kodi yake ya mwezi mmoja ya udalali, akishaupata mpangaji ni wako peke yako. Maji nimemfungia mpangaji mita ndogo yake, na kila mwisho wa mwezi tunaisoma wote wawili.

Mkataba uandikwe hata kama ni mtoto wa shangazi yako. Ule wangu wa kwanza ulikuwa karatasi ya daftari. Watu wengi hawajui kwamba mkataba wa pango unalipiwa ushuru wa stempu kule mamlaka ya mapato, TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na usipolipiwa haupokelewi kama ushahidi siku mkifikishana mbele ya sheria. Sasa una faida gani kuwa nao kabatini?

Nikiwa hapohapo TRA: mpangaji wangu wa pili alikuwa kampuni, walimpangia mfanyakazi wao. Tukakubaliana 700,000 kwa mwezi. Hela ikaingia 630,000 kwa kila mwezi, nikapiga simu kwa hasira. Mhasibu wao, binti mpole sana, akanieleza kwamba wanatakiwa kisheria kuzuia asilimia 10 na kuipeleka TRA, na cheti changu kiko tayari nikachukue. Aibu ilikuwa yangu. Ukipata kampuni, piga hesabu hiyo kabla hujataja bei, na vyeti uvitunze.

LUKU, umeme wa kulipia kabla, nayo ina lake. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo, na kuanzia 2023 ni 1,500 kwa mwezi nyumba ya kawaida, ghorofa 7,500 kwa kila sakafu. Anayenunua umeme ni mpangaji, mwenye jengo ni wewe. Mpangaji wangu wa tatu alikuwa anakusanya meseji za tokeni, mwisho wa mwaka akanionyesha simu: "Baba, hizi ni zako." Nikamrudishia. Mkubaliane mapema, na kama jengo lako lina mita zaidi ya moja fuatilia usije ukakatwa mara mbili.

Lakini lililonigharimu kuliko yote, kuliko hata yule wa kirikuu, ni bafu. Naishi chini mimi. Siku moja naona jipsam ya jikoni ina doa la rangi ya chai, upana wa sahani. Baada ya wiki limekuwa sinia. Kupanda juu, naambiwa bomba la nyuma ya sinki linavuja tangu Ramadhani, wameweka kopo chini yake na wanalimwaga asubuhi na jioni. Niliuliza kwa nini hamkusema. Mama wa pale akajibu, "Tulijua matengenezo ni juu yetu, baba." Na kweli, hakuna mahali nilipoandika. Nikavunja vigae, nikabadilisha bomba, nikaweka jipsam upya.

Sasa mkataba wangu unataja nani anatengeneza nini: taa, koki na kitasa ni mpangaji, bomba la ukutani, nyaya, paa na shimo la choo ni mimi, naye asiponiambia ndani ya siku tatu tunagawana gharama. Siku ya funguo tunazunguka chumba kwa chumba, nafungulia kila koki mbele yake, tunapiga picha kuta na vigae, namtumia WhatsApp palepale. Kitasa cha mlango mkubwa nabadilisha kila anapohama mtu, maana funguo zilichongeshwa ngapi huwezi kujua.

Huyo wako wa miezi sita mwambie akupe siku tatu. Na hilo bafu la juu, kama fundi hajalijaza maji likalala usiku kucha, lijaze leo, asubuhi kaangalie dari ya chini.