Wasomaji Wauliza: Mvua ya Saa Tisa na Sauti ya Nyanya

Barua za mwezi huu zimefuatana kama zilizoandikwa meza moja: Ahero, Kimilili, Kisumu, Molo, Kakamega, na zote zinahusu kurekodi wazee. Tumezijibu pamoja.

Nilimrekodi nyanya yangu kwa simu, saa moja na nusu. Nikisikiliza sasa, mabati, kuku na redio ya jirani vinasikika kuliko yeye. Ninunue mashine gani? (Msomaji, Ahero)

Usikimbilie mashine. Simu yako huenda haina kosa. Kosa ni umbali. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti ya msimulizi hushuka kama desibeli 6, nazo kelele za chumba hubaki palepale. Simu iliyolazwa mezani mita moja na nusu kutoka kwa nyanya hurekodi nyumba, na nyanya yumo humo kama mgeni.

Nunua maikrofoni ndogo ya waya, ile ya kubana kwenye nguo. Ibane sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, juu ya leso wala si ndani yake, na mbali na shanga. Leso ikisugua maikrofoni utapata mchakacho ambao hakuna fundi atakayeutoa. Kabla ya kulipa, tazama plagi. Ya simu ina mistari mitatu inayoizunguka. Yenye mistari miwili ni ya kamera au kinasa sauti. Hii ya pili huingia kwenye tundu la simu vizuri kabisa, lakini simu haiitambui, inaendelea kutumia maikrofoni yake yenyewe, nawe hujui mpaka ufike nyumbani. Ili kuhakikisha, anza kurekodi, kwaruza maikrofoni kwa ukucha, kisha sikiliza.

Kama fedha hazijapatikana, kunja taulo, weka simu juu yake kwenye kigoda, sentimita 30 kutoka kwa msimulizi, upande wa chini wenye vitundu ukimwelekea. Taulo huzuia mitetemo ya kigoda.

Sasa nyumba. Paa la mabati lisilo na dari pamoja na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi. Nyumba ya udongo ni bora mara nyingi, na ya nyasi ikipatikana ni bora zaidi. Kama hakuna, hamieni chumba chenye godoro na nguo zilizotundikwa, mkae karibu na kona yenye vitambaa. Anzeni saa mbili au saa tatu asubuhi. Mvua ya alasiri ya ukanda huu wa Ziwa Victoria ikigonga mabati, simamisha. Usijifariji kwamba utaitoa baadaye kwa programu. Programu za kusafisha sauti hula pia s, f na ch, na mzee akabaki akisema maneno yenye mapengo. Hata jua likichoma kwa nguvu mabati hutanuka na kulia ta, ta. Ya jirani, mwombe azime redio. Ni majirani, watakuelewa.

Rekodi faili la WAV (lisilobana sauti), kilohezi 48, biti 24. Kwa maikrofoni moja, saa moja ni takriban megabaiti 518, kwa hiyo gigabaiti 2 zinatosha saa tatu na nafasi kubaki. MP3 ya kilobiti 128 ni kama megabaiti 58 kwa saa, lakini kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi tena. Kiwango cha sauti kifike karibu desibeli −12 anapozungumza kawaida. Wazee huanza kwa sauti ya chini, kisha hucheka au kuimba ghafla, na sauti iliyopasuka haiponi. Zima mtandao wa simu. Anayekupigia katikati ya simulizi hukata rekodi.

Mzee anasema kaka yake alizaliwa "mwaka wa nzige" na baba yao akatahiriwa na rika la Maina. Nitapataje miaka? (Mwalimu, Kimilili)

Usimwulize mwaka. Ukimlazimisha atakutajia namba ya kukupendeza, nawe utaichapisha. Nenda na kalenda ya matukio mkononi: reli kufika Kisumu, Desemba 1901, kuuawa kwa Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, Oktoba 1905, vita vya 1914 hadi 1918 na vijana waliochukuliwa kuwa wapagazi, dhahabu ya Kakamega mapema miaka ya 1930, mvua kubwa za 1961 na 1962 zilizopandisha ziwa, Uhuru, 12 Desemba 1963, kuuawa kwa Tom Mboya, Julai 1969, jaribio la mapinduzi, 1 Agosti 1982. Kisha uliza: kaka yako alikuwa akitembea wakati watu walipokimbilia dhahabu? Mama yenu alikuwa ameolewa? Tukio moja halitoshi. Nzige wenyewe walikuja zaidi ya mara moja: mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi mwanzo wa 1930, kisha tena baadaye. Matukio mawili yakibana upande huu na upande ule, umepata kitu.

Rika ni kipimo kizuri, lakini lina mtego. Majina ya marika ya Wabukusu ni manane na yanazunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Wakalenjin nao wana mzunguko wa jinsi hiyo, na majina mengine yanafanana. Mzunguko mmoja huchukua kama miaka mia, kwa hiyo Maina wa babu ya mzee na Maina wa mjukuu wake ni watu tofauti. Omba jina la utani la msimu wenyewe wa kutahiri, na nani waliingia jandoni kabla yao na baada yao. Na kwa desturi Wabukusu hutahiri miaka inayogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti hasa. Hesabu yako ikikuangusha 1947, umekosea mahali, rudi nyuma.

Ukoo nao hufupishwa. Mababu wasio na tukio la kukumbukwa huangushwa kimyakimya, na watu wawili wenye jina moja huwa mmoja. Watu hukadiria kizazi kwa miaka 25 hadi 30. Kadirio hilo litumie kama kamba ya kupimia tu, usiandike matokeo kama tarehe. Waulize pia akina mama walioolewa pale. Wao ndio wanaojua nani alitoka wapi, maana waliambiwa wasioane na nani. Maneno ya mzee yaandike kama alivyosema, na makadirio yako yaweke ndani ya mabano ya mraba, ili atakayesoma ajue nani amesema nini.

Tunakusanya ngano za jiwe la Kit Mikayi na ziwa la Simbi Nyaima kwa Kijaluo. Tuandike Kiswahili moja kwa moja? (Kikundi cha vijana, Kisumu)

La. Andikeni Kijaluo kwanza, tafsiri iwe faili lake. Maandishi ya kawaida ya Kijaluo hayaonyeshi toni, wala tofauti ya irabu nzito na nyepesi, hivyo herufi zilezile zaweza kubeba maneno mawili. Sauti ndiyo asili. Karatasi ni ya kuitafutia. Wekeni dakika na sekunde pembeni kila baada ya dakika mbili. Saa moja ya mazungumzo itawatoa jasho saa sita hadi kumi za kuandika, bila tafsiri. Kwa hiyo msirekodi wazee 20 kabla ya kumaliza kuandika wawili.

Msikate viitikio wala "thu tinda", maneno ya kufungia ngano, mkidhani ni taka. Na ngano haisimuliwi simu. Dani (nyanya) akitazamana na maikrofoni peke yake ataifupisha dakika tatu. Leteni wajukuu wakae chini kama ilivyokuwa siwindhe, nyumba ya nyanya walimosimuliwa watoto, na mwende jioni, maana wengi hawataki kusimulia ngano mchana. Najua tumesema asubuhi hapo juu. Hiyo ni ya historia na ukoo. Usiku nyenje watasikika, wacheni waimbe, ila fungeni dirisha.

Mzee amekubali kurekodiwa, mwanawe anakataa. Je, tumlipe pia? Na akitaja waliochoma nyumba mwaka wa 1992? (Msomaji, Molo)

Mzee mwenye akili timamu anajiamulia ya kwake. Ila keti na mwanawe. Mara nyingi anachoogopa ni shamba. Ridhaa ichukuliwe mara mbili: kwa sauti mwanzoni mwa rekodi (jina, mahali, tarehe, anakubali nini), na kwenye karatasi yenye chaguo: familia tu, shule, makavazi, au mtandaoni. Asiyeandika aweke kidole gumba mbele ya shahidi. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inahusu habari za watu binafsi, na ile ya 2016 ya maarifa asilia inatambua haki ya jamii nzima, kwa hiyo dawa za miti, viapo na siri za jandoni si mali ya mtu mmoja kuzigawa.

Akitaja majina ya ghasia za kikabila za 1992 au za baada ya uchaguzi, 2008, usimnyamazishe. Mkumbushe kwamba kinasa kinafanya kazi, mwachie amalize, kisha sehemu hiyo ifungwe na isisambazwe. Weka nakala ya pili isiyo na majina. Hao waliotajwa hawakukupa ridhaa.

Malipo: sukari, majani ya chai, nauli. Ukilipa kwa kila ngano, zitaongezeka.

Tulitumiana rekodi kwa WhatsApp, sasa zinasikika kama zimetoka kwenye debe. (Wanafunzi, Kakamega)

Mlizituma kama sauti. Safari ijayo ambatisheni kama dokumenti. Faili la asili msiliguse kamwe, hata kukata kikohozi, kateni nakala. Jina liwe mwaka, mwezi, siku, kijiji, namba, si "rekodi mpya 7". Nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na moja nyumba nyingine kabisa, hasa kwa wanaoishi njia ya mafuriko. Flashi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Makavazi ya Taifa yana vituo Kakamega, Kisumu na Nakuru; nendeni mkaulize masharti kabla ya kazi kuanza, kwa kuwa fomu zao zitawaonyesha mlichosahau kumwuliza mzee.

Ya familia igeuzeni MP3, muiweke kwenye kadi ya memori. Redio ndogo za kadi zilizojaa sokoni nyingi hazisomi WAV ya biti 24, na mzee atabonyeza mpaka achoke.