Kuvuta boti kutoka Naivasha hadi Kisumu: uzito ukae mbele

Boti niliyonunua Naivasha ilikuwa ya fiberglasi, urefu wa mita saba, na nilitaka ifike Dunga, ufuo wa wavuvi hapo Kisumu, siku hiyo hiyo. Kwa haraka hiyo tukaipakia ovyo. Nanga, nyavu, mitungi ya petroli, vyote vikarundikwa nyuma, na injini iko huko huko nyuma.

Hadi Mau Summit sikuona shida. Tulipoipita Kericho na kuanza kuteremkia Ahero, trela likaanza kuyumba mkia, kushoto, kulia, kila mara likizidi. Lori lilikuwa linapanda upande wa pili. Mguu ulitaka kukanyaga breki, na ningekanyaga lingetupindua. Niliachia mafuta taratibu, nikaushika usukani ukiwa umenyooka, mpaka likatulia. Kwenye barabara hii kuna watu wanaouza viazi na mahindi hatua chache kutoka lami. Ajali ya Londiani Junction ya Juni 2023 iliua zaidi ya watu 50, na lori lilikuwa moja tu. Ndiyo maana nakusihi usiondoke kabla ya kupima.

Mpira wa chuma wa kuunganishia trela na gari unatakiwa kubeba karibu asilimia 10 ya uzito wote. Trela na boti vikiwa kilo 2,000, hapo mbele pawe na kilo 200 hivi. Mimi huenda kwenye stoo ya nafaka, naomba mizani ya magunia, na kulaza pua ya trela juu yake, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa mawe. Uzito ukipungua, sogeza boti mbele kwa winchi au hamisha mizigo. Petroli jaza Kisumu: lita 200 ni takriban kilo 150, na hakuna sababu ya kuzipandisha mlimani. Kisha funga mikanda ya nyuma pia, maana winchi peke yake haizuii boti kuruka kwenye matuta. Teremka kwa gia ndogo tangu juu, kabla breki hazijanuka.

Boti ikiwa pana kuliko kipimo cha barabara, kibali cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za Kenya, kitafutwe mapema.

Ukifika ziwani usirudishe trela majini papo hapo. Beringi zimepata moto. Zikiguswa na maji baridi zinayavuta ndani, grisi inaharibika, na safari ijayo gurudumu linakwama njiani. Kula samaki wako kwanza, nusu saa hivi, kisha gusa katikati ya gurudumu kwa kiganja uone kama pamepoa. Muda huo huo kagua kila pembe ya trela utoe gugumaji la Naivasha, kwa sababu kipande kidogo kinaota upya, na wavuvi wa Dunga wanalo la kutosha. Halafu kaza kizibo cha boti cha kutolea maji, ndipo urudi nyuma polepole, mwenzako akisimama mahali unapomwona kwenye kioo.