Maswali na majibu: Kweli mchambuzi huyu alisema hivi?

Swali: Shikamoo mhariri. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wapangaji hapa Sinza imeletwa kadi yenye picha ya mchambuzi wa siasa wa redio tunayoisikiliza kila asubuhi. Chini kuna maneno ya kuwatukana wanawake wanaogombea udiwani, pamoja na nembo ya redio na tarehe. Wengine wanataka asusiwe, wengine wanasema kazushiwa. Mdogo wangu ameshairusha kwenye makundi mengine matatu. Nitajuaje ukweli?

Jibu: Marahaba. Kadi uliyonitumia nimeikuza mpaka herufi zikajaa kioo cha simu. Nembo ni ya zamani, redio hiyo haiitumii tena, na pembeni yake umebaki ukingo mweupe, dalili kwamba imekatwa kwingine ikabandikwa hapo. Tarehe nayo inaangukia Jumamosi, wakati kipindi chake huruka Jumatatu hadi Ijumaa. Nina shaka nayo, lakini hapo sijathibitisha kitu. Msikilizaji aliyeyasikia matusi kwa masikio yake anaweza kutengeneza kadi mbovu na kukosea tarehe.

Kinachokata mzizi wa fitina ni rekodi ya kipindi kizima. Redio nyingi za Dar huweka vipindi YouTube, kwa hiyo pitia vya wiki hiyo yote. Ukiyakuta maneno, rudi nyuma dakika 5, halafu endelea mbele dakika 5. Katika kazi hii nimekutana na mchambuzi aliyekuwa akisoma ujumbe wa msikilizaji ili aukemee. Aliyeikata rekodi alibakiza matusi, akaondoa karipio.

Ukiletewa sauti ya sekunde chache isiyo na mwanzo wala mwisho, sikiliza kama muziki wa nyuma unakatika katikati ya neno, au kama mtu anaongea muda mrefu bila kuvuta pumzi. Hata usiposikia kasoro, bado dai kipindi kizima. Programu za akili mnemba sasa zinaiga sauti vizuri, na mtangazaji ana saa nyingi za sauti yake mtandaoni za kuigia.

Wingi wa waliorudia usikutishe. Oktoba 2009 huko Marekani, mchambuzi wa siasa wa redio Rush Limbaugh alikuwa kwenye kundi lililotaka kununua timu ya futiboli ya Kimarekani ya St. Louis Rams. Yakasambaa maneno kwamba aliwahi kuusifu utumwa na kutaka muuaji wa Martin Luther King apewe nishani. Yalikuwemo kwenye kitabu cha mwaka 2006 na kwenye Wikiquote, tovuti ya nukuu ambayo yeyote anaweza kuihariri, watangazaji wakayasoma hewani, lakini hakuna aliyeonyesha rekodi. Mmoja wao, Rick Sanchez wa televisheni ya CNN, aliishia kuomba radhi. Na Limbaugh huyohuyo alikuwa na kauli zake za kweli: mwaka 2003 aliondoka ESPN, televisheni ya michezo, kwa aliyoyasema hewani kuhusu mchezaji mweusi Donovan McNabb. Ndiyo maana uzushi wa aina hii unaniuma. Unamdhulumu asiyesema, na aliyesema kweli unampa pa kujifichia: akibanwa kwa la kweli, anaonyesha lile la uongo.

Usipopata kipindi mtandaoni, piga simu redioni uombe rekodi ya tarehe husika. Usiulize tu kama alitukana, utajibiwa hapana, na mwenye kosa naye hukana. Unaweza pia kuwapelekea kadi hiyo Nukta Fakti au JamiiCheck, kazi yao ni kuhakiki taarifa kama hizi.

Kuhusu mdogo wako, aifute leo, kisha aandike kwenye makundi yaleyale matatu kwamba kauli haijathibitishwa. Kufuta kimyakimya hakutoshi, maana walioisoma wanaondoka nayo kichwani. Mweleze pia kuhusu kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kusambaza taarifa unayojua ni ya uongo, kwa nia ya kumchafua mtu, ni kosa la jinai.

Na ikitokea umeipata rekodi na kweli alitukana, achana kabisa na kadi. Peleka kundini kipindi chenyewe, taja tarehe na dakika. Wanawake hao wanastahili mtu huyo aulizwe kwa sauti yake mwenyewe, hewani palepale alipowatukania.