Majarida ya uuguzi wa watoto: yatufae nini sisi wa wodi za Mombasa?

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa uuguzi hapa Mombasa ana haja ya kusoma majarida ya uuguzi wa watoto ilhali mengi ni ya Wamarekani. Soma. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, na makala iliyonifaa kuliko zote ilitoka huko huko Marekani.

Mwaka 1997 jarida la Pediatric Nursing lilichapisha kipimo cha maumivu kiitwacho FLACC, kilichojaribiwa kwa watoto 89 wa miezi 2 hadi miaka 7 waliotoka kupasuliwa. Unatazama uso, miguu, mwili unavyojinyonganyonga, kilio, na kama mtoto anabembelezeka. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, jumla yake haizidi 10. Hakitaki mashine wala umeme, macho yako tu! Mtoto wa mwaka mmoja aliyetoka thieta hawezi kusema panapomuuma. Mama atasema, "Sista, mwanangu hajatulia," na neno lake lisiandikwe popote. Ukiandika 8 kwenye faili, daktari wa zamu anakuja na dawa.

Ila kabla hujakibeba chochote kukileta wodini, uliza: waliochunguzwa ni watoto gani? Mtoto mwenye utapiamlo mkali hana nguvu za kulia wala kurusha miguu. Anaweza kupata alama 2 huku anateseka. Huyo mtazame kwa jicho jingine, na msikilize mamake.

Jirani zetu, watafiti wa Kilifi, walishiriki kuuliza swali kama hilo, yaani je, ushauri wa kwingine unawafaa watoto wetu, katika utafiti uitwao FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011. Watoto zaidi ya 3,000 walikuwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Miongozo mingi ilisema wamiminiwe maji ya dripu kwa kasi. Waliomiminiwa walikufa zaidi: katika saa 48, takriban 10.5 kwa kila 100, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Hilo lilichapishwa katika jarida la madaktari, lakini anayefungua dripu ni sisi, basi lisome pia.

Kuhusu pesa: muhtasari ni bure PubMed, tovuti ya kutafutia makala za tiba. Makala nzima ikifungwa, muulize mkutubi wa chuo kama wamejisajili Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, au mwandikie mwandishi mwenyewe. Barua pepe yake huwa kwenye ukurasa wa kwanza, na wengi hutuma.