Jibu: Kompyuta feni zinazunguka ila monita iko giza, mara kompyuta inajizima yenyewe

Mkuu pole, umesema ilianza baada ya umeme kukatika na kurudi hapo Kwa Mrombo, Arusha, mi naona kwanza usikimbilie kununua mazabodi (ile bodi kubwa ya ndani inayounganisha kila kitu) kama huyo fundi alivyokwambia, atakula hela yako bure.

Taa ya monita ikiwa ya njano mara nyingi maana yake monita ni nzima ila haipati picha, kwa hiyo cheki waya, na kama mashine ina kadi ya picha chomeka waya wa monita kwenye kadi sio kule juu kwenye mazabodi, hili watu wengi wanachemka. Afu chomoa umeme kabisa, shikilia swichi ya kuwashia kama sekunde 30, toa RAM zote (vile vibao virefu vya kumbukumbu) uzisugue ile sehemu ya dhahabu na ufutio wa penseli, rudisha moja tu uwashe, ikigoma hamisha tundu. Yangu hapa Moshi ilikuwa vumbi tu, nilihangaika wiki nzima 😂

Ila hiyo ya kujizima ndo inanifanya niwaze pawa saplai, lile boksi la ndani linaloipa mashine umeme. Azima nyingine nzima ujaribu, na kama ni Dell au HP ya mtumba angalia plagi kwanza, nyingi hazifanani na za kawaida. Hiyo pawa saplai usiifungue ndani hata ukiwa umeichomoa, kapasita (vifaa vinavyotunza umeme) zinabaki na umeme, utarushwa.

Betri ya CR2032, ile ndogo ya duara kwenye mazabodi, badilisha tu, bei yake ndogo. Mashine ikilia bip hesabu ni ngapi uniambie, na utaje modeli.