RO ya shira ya mepo imepungua nguvu: pima kwanza ndo uoshe

Mkuu umeuliza RO, yaani mashine ya kupunguza maji kwenye utomvu wa mepo (maple) kabla ya kupika shira, ya hapo kazini kwako Quebec, Kanada, imeshuka, mwanzo wa msimu ilikuwa inakimbia sasa hivi inajikongoja, na mzee mwenye shamba kakwambia uchukue maji moto ya bomba utie jiki kidogo uzungushe. Usifanye hivyo. Jiki ni klorini, na membreni za hizi mashine, ule utando wa kuchujia, klorini inazila, zikishaliwa hazirudi tena. Tena inadanganya, maana baada ya hapo utaona maji yanatoka mengi ukafurahi kumbe sukari nayo inapita humohumo inaenda mtaroni. Hata maji ya bomba tu yaliyotiwa dawa ya mji usiyapitishe.

Mimi niko Vermont, Marekani, kila msimu wa utomvu nashika hii kazi na nimeshazunguka kwenye vibanda tofauti vya kupikia shira, kwa hiyo nakuandikia nilivyoona mikononi.

Kwa wanaosoma na hawajui, miti ya mepo inatobolewa mwisho wa baridi, usiku pakiganda mchana pakiyeyuka utomvu unatiririka, ni kama maji tu yana sukari asilimia 2 hivi. Galoni 1 ya shira inataka galoni kama 43 za utomvu huo. Sasa badala ya kuchemsha yote, RO inasukuma kwa presha kubwa, maji yanapita kwenye membreni sukari inabaki, sukari ikifika asilimia 8 umeshatoa robo tatu ya maji na moto hujawasha. Yale maji yaliyopita ndo pemieti, yatunze kama dhahabu maana ndo utakayooshea.

Turudi kwako. Kabla hujagusa sabuni, una uhakika gani kwamba ni uchafu? Watu wengi huku wanaosha kwa mazoea, mashine ikipungua tu sabuni, na hakuna anayejua ilikuwa inatoa kiasi gani ikiwa safi. Membreni inabadilika na baridi, kila digrii moja ya Selsiasi ikishuka unapoteza kama asilimia 3 ya mtiririko. Yaani mashine iliyopimwa kwenye maji ya digrii 13, ukiilisha utomvu wa digrii 3 unaotoka nje moja kwa moja, imeshapungua karibu robo na haina hata chembe ya uchafu! Halafu angalia na filta ya mbele, ile ndogo ya mikroni 5, ikiziba pampu inakosa chakula na wewe unalaumu membreni.

Kwa hiyo pitisha pemieti tupu, presha ileile, valvu palepale, soma mita na andika joto la maji. Hiyo namba ilitakiwa ichukuliwe siku ya kwanza ya msimu ikabandikwa ukutani. Kama haipo basi chukua sasa, na uchukue tena ukishaosha, ndo utajua sabuni imefanya kazi au umemwaga hela. Ikiwa imeshuka asilimia 10 mpaka 15 kwa joto lilelile, hapo osha.

Kuosha kwenyewe. Jamaa wa vituo vya maji ya kunywa kule nyumbani wanaanza na asidi kwa sababu maji ya kisima yanawaletea chokaa, lakini huku adui mkubwa ni bakteria na ule utelezi wao, utomvu una sukari ni sherehe kwao, hasa mwisho wa msimu utomvu unapoacha kuwa mwangavu. Utelezi unatoka kwa sabuni ya kostiki (soda kali) inayouzwa kwa ajili ya RO, sio sabuni ya vyombo. Ukitanguliza asidi unaugandisha palepale. Kwanza suuza utomvu wote utoke. Kisha jaza pemieti kwenye tanki la kuoshea, usitumie maji ya kisima, maana ukiyatia kostiki chokaa yake inadondoka juu ya membreni unayoosha. Mimina sabuni taratibu ndani ya maji, miwani na glavu lazima, huku ukipima kwa karatasi ya pH (kipimo cha asidi na alkali) mpaka ifike kama 11, kipimo cha kijiko usikiamini. Fungua valvu ya utomvu mzito, ule unaobaki na sukari, yote ili presha iwe chini, bomba la pemieti lirudi tankini na lisifungwe kabisa, zungusha. Pampu yenyewe itapasha maji, wala huhitaji kuyachemsha, ila usiondoke kwenda kunywa kahawa maana joto halikai palepale, linapanda tu. Mimi nasimamia kwenye digrii 40 hivi, karibu na 45 nazima. Soma kitabu cha mashine yako, kikisema chini ya hapo fuata hicho. Saa moja hivi inatosha, kama ni chafu sana zima iloweke kidogo uzungushe tena, yale maji yakitoka kama chai ya rangi ujue inafanya kazi.

Kusuuza ndo watu wanaharakisha, halafu shira inatoka na ladha ya ajabu na sufuria inafoka povu. Pitisha pemieti nyingi, mwaga yote, pima pH pande zote mbili zinakotoka mpaka ilingane na ile unayoingiza. Hapo rudia kipimo cha mtiririko. Namba ikirudi umemaliza, asidi ya nini sasa? Isiporudi ndo unaingiza asidi ya sitriki, pH 2 na kidogo, inatoa madini, unasuuza tena vilevile. Sabuni na asidi zisikutane tankini, na asidi na jiki hata kwenye ndoo moja zisikutane, hewa inayotoka hapo inaua mtu.

Kila siku ukimaliza kazi suuza kwa pemieti ya baridi papo hapo. Kuna kibanda nilikuta wanaiacha na utomvu ndani mpaka asubuhi, wanaosha kwa sabuni kila siku halafu wanashangaa membreni hazidumu. Na chumba kisigande, barafu ikiingia kwenye pampu na membreni habari imeisha.

Msimu ukiisha osha kwa sabuni, asidi, suuza, itoe membreni, iweke kwenye bomba lake la kuhifadhia na pemieti kidogo yenye metabisulfaiti (dawa ya kuzuia bakteria), pasipoganda wala kupigwa jua. Mipira yake ya kuzibia paka gliserini tu, grisi ya gari inaiharibu, na ukiirudisha fuata mshale.

Ukishapima weka namba hapa, mtiririko, presha na joto la maji, tuone kama kweli ni ya kuoshwa.